Mrejesho: mikwaruzo ya duara kwenye gari jeusi

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kuondoa vile vikwaruzo vinavyoonekana kama utando wa buibui gari jeusi likipigwa na jua, na kuvizuia visirudi. Asanteni sana wote mliochangia.

Ushauri wa ndoo mbili ndio uliosaidia zaidi: moja ya shampuu, nyingine ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Natanguliza maji ya presha, kisha naosha kivulini kuanzia kwenye paa kushuka. Ukimwaga ile ndoo ya kusuuzia unakuta mchanga umetulia chini, na huo ndio unaochora rangi! Kukausha natandaza taulo la maikrofaiba na kulivuta taratibu, bila kusugua.

Vikwaruzo vipya sivioni. Vya zamani havikutoka kwa kuosha, ilibidi mashine ya polishi. Vingi vimekwisha, ila vile vyenye kina, ambavyo ukipitisha ukucha unanasa, vimebaki. Fundi hakutaka kuendelea kukwangua kwa sababu vanishi ya juu ni nyembamba, nami nakubaliana naye kabisa.

Aliyesema tusifute vumbi kavu kwa kitambaa, ubarikiwe.