Stesheni ya zamani ya Mombasa: irudishiwe treni au igeuzwe maduka?

Mwenye mada:
Jamani, kila inapotajwa ile stesheni iliyo mwisho wa barabara ya Haile Selassie, hakosi mtu wa kusema ivunjwe yajengwe maduka. Mimi napinga. Reli ilianza kujengwa hapa kisiwani mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901, na miaka yote hiyo ukitoka bara kwa treni ulishukia mjini. Ilikuwa ikisikika tu harufu ya jaa la taka la Kibarani, watu wanaanza kushusha mabegi. Ukivuka Makupa kuingia kisiwani, umefika. Unatoka na mzigo wako kichwani, Mwembe Tayari ni kwa miguu. Tangu 2017 treni mpya ya Nairobi, Madaraka Express, inatushusha Miritini, nje ya kisiwa, hapo ndipo inapoanza safari ya pili: msongamano wa Changamwe, na dereva wa teksi anayekupima kwa macho kabla hajataja nauli.

Nataka treni fupi ya ile reli ya zamani yenye upana wa mita moja, stesheni hadi Miritini, ikisimama Changamwe, asubuhi na jioni. Nairobi walifungua stesheni ya Syokimau, ya treni za kwenda na kurudi mjini, 2012. Sisi tuna nini?

Wa Likoni:
Ndugu yangu, hiyo treni ni ya nani? Mimi nalala Likoni, navuka kwa feri. Shemeji yangu yuko Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Tangu enzi za Mwingereza reli haijawahi kutufikia. Hizo pesa zitengeneze feri kwanza.

Mwenye mada:
Hapo umenishika, sikatai. Lakini hata Changamwe na Miritini wanakaa watu.

Dereva wa matatu:
Na sisi twende wapi? Ile treni ya zamani mwaijua: tiketi inasema asubuhi, wewe unashuka adhuhuri. Mkichoka kungoja, nipo stejini.

Mzee wa Mji wa Kale:
Wanangu, kisiwani hapa reli ilipita hata barabarani. Zama za toroli, vile vigari vya kusukumwa kwa mikono juu ya reli, wakubwa walikaa kivulini chini ya turubai, vijana wetu wakisukuma juani hadi Kilindini. Zikaja motokaa, reli zile zikang'olewa. Leo ukimwonyesha kijana zilipopita, anakucheka.

Wa Changamwe:
Mzee, shikamoo. Mimi nauliza nauli tu. Ikizidi ya matatu, nasimama na dereva.