Fundi kanitolea gavana kwenye injini ya kupura mpunga, konrodi imetoboa bloku. Mafundi wa Tabora, mnatumaliza

Wakuu, mwangaluka. Naandika nikiwa na hasira, na anayetaka kunituliza aniache kwanza nimalize.

Nina mashine ndogo ya kupura mpunga. Kuanzia mwezi wa tano naizungusha vijijini huku Uyui, napura kwa gunia. Injini yake ni ile ya petroli ya farasi 6.5, cc 196, mnaijua wote. Ndiyo inayovuta maji bustanini, ndiyo iko kwenye jenereta, ndiyo inazungusha mashine za zege. Imenisomeshea watoto wawili.

Msimu huu ikaanza kuzidiwa. Ukiingiza mganda mnene inalegea, inakohoa, inazima. Nikaibeba mpaka mjini kwa fundi mmoja, jina na mtaa siweki hapa. Akaiwasha, akaisikiliza hata dakika mbili hazikufika, akaniambia: "Shangazi, hii injini imefungwa nguvu kiwandani. Mimi naifungua." Akatoa simu akanionyesha video ya vigari vya mashindano, vile vya chini chini vya kukalia mtu mmoja. Injini iliyofungwa nyuma ni kama yangu, hata rangi ni ileile. Akasema wenzetu wanatoa gavana, kile kifaa kinachozuia injini isizidishe mizunguko, na gari linaruka. Elfu 60, ufundi tu. Nikampa.

Alichofanya nimekuja kukijua baadaye, injini ilipofunguliwa na mtu mwingine. Alifungua kava la pembeni akang'oa ile gia ya plastiki ya gavana. Akang'oa na kile kifaa kinachozima injini oili ikipungua, eti "kinasumbua". Akatoa boksi zima la eya klina, yaani chujio la hewa, kabureta ikabaki mdomo wazi. Kisha akachukua jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, akaipanua kwa waya. Waya wa resi akaufunga moja kwa moja kwenye kabureta. Mimi nikaambiwa imetyuniwa.

Siku ya kwanza ilipura vizuri, sikatai. Sauti ilikuwa kali mno, majirani walitoka kuangalia, nikajidanganya kwamba hiyo ndiyo nguvu. Siku ya tatu, saa 5 asubuhi, kijana wangu amemaliza kuingiza mganda, anageuka kuchukua mwingine. Drami likabaki tupu. Injini ikapanda, ikapanda, ikalia kama inazomea, mkanda ukaanza kurukaruka kwenye puli. Nilipiga hatua mbili kwenda kuizima. Sikufika. Ulisikika mlio mmoja kama nyundo kwenye chuma, halafu kimya, halafu moshi. Oili imeruka mpaka kwenye magunia ya mteja. Bloku ina tundu linaloingia vidole viwili, na kipande cha konrodi, ule mkono wa ndani unaosukumwa na pistoni, tulikiokota hatua nane kutoka pale, karibu na mtoto wa mteja aliyekuwa ameketi juu ya majani. Hatua nane! Kingempata mguuni leo ningekuwa naandika uzi mwingine kabisa.

Sasa nasema na ninyi mafundi mnaojifunzia kwenye video. Vigari vile vilianzia Marekani mwaka 1956, kule California, na injini ya kwanza kufungwa ilitoka kwenye mashine ya kukatia majani. Kwa hiyo ndiyo, injini ndogo ya kazi inaweza kutyuniwa ikakimbia, na hizi za cc 196 zinashindana mpaka leo. Lakini anayetoa gavana kule haishii hapo. Anatoa konrodi ya kiwandani, ambayo ni aluminiamu ya kumiminwa, isiyo hata na beringi mwisho mkubwa, anaweka ya kuchongwa. Anatoa flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, ya chuma cha kumimina, maana ikizidishiwa mizunguko inaweza kupasuka kama bomu miguuni mwa dereva, anaweka iliyopimwa kwa mwendo huo. Anabadili springi za valvu. Halafu anafungua injini mara kwa mara kukagua. Fundi wangu aliona sehemu ya kutoa akaiga hiyo. Sehemu ya kuweka hakuiona.

Injini hii imepangiwa mizunguko 3,600 kwa dakika. Ukiipandisha hadi 5,400, yaani mara moja na nusu, mvuto kwenye konrodi haupandi mara moja na nusu, unapita mara mbili. Na konrodi hiyohiyo ndiyo yenye kijiko kinachorusha oili ndani, hakuna pampu ya oili. Unaifikisha huko na chuma kilekile cha kiwandani, unategemea nini?

Kubwa kuliko yote ni hili. Kigari cha mashindano kina mtu amekanyaga pedeli. Mzigo ukipungua, mguu wake unarudi. Mashine yangu ya kupura haina mguu wa mtu. Mganda ukiingia, gavana ndiyo inayofungua kabureta. Mganda ukiisha, gavana ndiyo inayoifunga kabla injini haijapaa. Inafanya hivyo mamia ya mara kwa siku bila mtu kuigusa. Halafu unaniambia ni kufuli la kiwandani?

Eya klina nayo. Jamani, kwenye mpunga! Mtu aliyewahi kusimama nyuma ya mashine ya kupura anajua vumbi lile linavyowasha shingo. Makapi ya mpunga yamejaa silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Kwa siku tatu injini ilikuwa inavuta hiyo moja kwa moja. Mzee aliyeifungua alinishikisha silinda kwa kidole, ina mikwaruzo ya kusimama kuanzia juu mpaka chini, kucha inakwama.

Na jeti. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kila mita 300 unazopanda injini inapoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu, kwa hiyo hapa tumeshaacha kama asilimia 14 njiani. Fundi akiniambia injini huku ni dhaifu kidogo kuliko Dar es Salaam, nitamkubalia. Lakini hewa ikipungua unapunguza petroli, huongezi! Plagi ilitoka nyeusi ti. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, na huko tayari kuna mchanga.

Mnajua kilichokuwa kinaisumbua tangu mwanzo? Valvu ya ekzosi ilikuwa imebana. Nafasi yake inatakiwa iwe milimita 0.20, ya kuingiza 0.15. Mzee aliingiza fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya 0.05 ikakataa. Valvu haifungi vizuri, mgandamizo unavuja, ndiyo maana ilikuwa inazimika kwenye mganda mnene. Na sponji ya eya klina, ambayo nilirudishiwa kwenye mfuko, ilikuwa imeziba kabisa. Kurekebisha valvu na kuosha sponji ni kazi ya nusu saa. Na kama drami lingekuwa bado zito, dawa ni kubadili puli, kwa sababu injini hizi zinavuta zaidi kwenye mizunguko kama 2,500. Nguvu ya kuvuta haiko kwenye makelele.

Nilimrudia fundi. Kwanza akasema oili sikuweka. Niliweka mwenyewe, 0.6 lita, na chupa ninayo. Kisha akasema injini ni ya kichina. Ilipura misimu minne ikiwa ya kichina hiyohiyo. Nikamwomba basi anirudishie gavana yangu na kile kifaa cha oili. Akasema aliviweka kwenye kopo la chakavu, na chakavu kimeshauzwa.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Nimesoma majibu. Anayesema kosa ni langu kwa kukubali, nakubali sehemu yangu, nililipa elfu 60 bila kuuliza maswali. Lakini mimi ni mpura mpunga. Yeye ndiye aliyeandika FUNDI MASHINE ukutani. Na aliyeuliza kama kuna wengine, ndiyo, wawili wamenipigia leo, mmoja pampu yake ya bustani imekwisha vilevile, kwa fundi huyohuyo. Nawaomba mtoke pamoja nami Jumatatu twende ofisi ya kata, kila mtu na chuma chake mkononi.

Wateja wangu watatu wameanza kupura kwa fimbo tangu jana. Mwenye bloku nzima ya injini hii, hata iliyotumika, akiwa Tabora mjini, Nzega au Igunga, aniandikie usiku huuhuu. Konrodi nitanunua mpya, na lazima iwe na kijiko chake.