Mipangilio ya mfumo ulio hewani: tufunge kabisa au tuwaachie watengenezaji?

Mlinzi wa Usiku
Wakuu, naomba tujadili hili bila kulindana. Kazini kwetu mipangilio ya mifumo yote tunaihifadhi Azure App Configuration, ghala la mipangilio kwenye wingu la Microsoft: anwani za huduma, viwango vya miamala, swichi za kuwasha na kuzima vipengele. Mwezi huu timu ya usalama imeleta sera mbili kupitia Azure Policy, chombo cha wingu hilo cha kuweka na kukagua sera: ghala la mipangilio lisifikike kutoka intaneti ya wazi, na funguo za kuingilia zizimwe, kila mtu na kila programu iingie kwa utambulisho wake wa Entra ID, mfumo wa Microsoft wa kutambua watumiaji. Juu ya hapo kuna utaratibu mpya: hakuna badiliko mpaka watu wawili waliidhinishe.

Watengenezaji wamewaka. Wanasema juzi malipo yalikwama dakika 40 kwa tarakimu moja tu, na aliyeijua dawa hakuwa na ruhusa.

Mimi naona sera ni sahihi. Ufunguo ule ni mstari mmoja wa herufi. Ukishanakiliwa kwenye kompyuta ya mtu, logi haikuambii aliyeingia ni mfanyakazi au ni mwizi. Mnasemaje?

Babu Logi
Nakuunga mkono. Funga. Kampuni ya hisa ya Marekani, Knight Capital, nadhani ilikuwa 2013, ilipoteza dola milioni 400 na ushee ndani ya nusu saa kwa swichi moja ya zamani. Na niseme ukweli hata kama unauma: siku hizi tatizo ni vijana wa kozi za miezi mitatu wanaokabidhiwa mfumo wa pesa za watu kama wamekabidhiwa simu.

Binti Kirumba
Babu, shikamoo. Mimi ni wa hizo kozi za miezi mitatu, kwa hiyo nakujibu.

Mahali nilipofanya kazi Mwanza, aliyetuangushia mfumo ni mkuu wa idara mwenyewe, mtu wa shahada mbili. Ijumaa jioni, yuko kwenye sendofu, kafungua mipangilio kwenye simu akapandisha kiwango cha kutoa pesa. Akaandika 500,000 na mkato katikati. Programu ilitegemea tarakimu tupu, ikashindwa kuusoma mkato, ikarudi kwenye thamani ya awali, ambayo ilikuwa sifuri. Hakuna mteja aliyeweza kutoa hata shilingi. Simu zikaanza kulia saa mbili usiku.

Niliyeugundua ule mkato ni mimi. Nilifungua historia ya marekebisho, nikaweka mstari wa jana na wa leo pamoja, nikahesabu herufi moja moja. Jumatatu kwenye kikao ikasemwa "timu ya vijana iwe makini zaidi". Mkuki kwa nguruwe.

Mkaguzi Mstaafu
Turekebishe kumbukumbu kwanza. Knight Capital ni tarehe 1 Agosti 2012. Ilichukua kama dakika 45, na mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliandika hasara ya zaidi ya dola milioni 460. Seva zilikuwa nane. Saba zilipata programu mpya, moja ikasahaulika ikiwa na ya zamani. Swichi waliyoitumia ilikuwa imewahi kufanya kazi nyingine miaka ya nyuma, kwa hiyo ile seva ya nane ilipoiona imewashwa ikaamsha kazi iliyozikwa. Hapakuwa na mtu wa pili wa kuhakiki kwamba zote nane zimepata. Umri wala cheti cha mtu hauhusiki.

Jirani wa Namanga
Jamani, kuna jambo hamjaligusa. Kuzima intaneti ya wazi pekee hakutoshi. Mtu mwenye jukumu la Contributor, yaani ruhusa ya kusimamia rasilimali, kwenye kundi la rasilimali anaweza kuzisoma zile funguo, na akiwa na ufunguo anasoma na kuandika kila kitu, hata kama hamkumpa jukumu la data. Hesabuni wangapi wana Contributor. Pia nywila za hifadhidata hazitakiwi kukaa humo kabisa. Humo inakaa rejea tu, siri yenyewe iko Key Vault, ghala la siri la Azure, na ina ruhusa yake.

Babu Logi
Binti Kirumba, marahaba. Sikukutaja wewe. Lakini sifuti nilichosema. Mimi nilianza kazi seva ikiwa chini ya meza, umeme ukikatika tunakimbia na tochi. Tulifundishwa kuogopa kwanza. Leo mtu anabonyeza tu kwa kuwa anajua kuna kitufe cha kurudisha nyuma. Na hicho kitufe kina mwisho wake: kwenye daraja la Standard historia ni siku 30, kwenye la bure ni siku 7.

Binti Kirumba
Kuogopa mlifundishwa, kuandika hamkufundishwa. Nilipoingia nilikuta mipangilio zaidi ya mia mbili na hakuna hata mmoja wenye maelezo. Nikauliza huu wa nini, nikaambiwa "usiuguse". Huko ndiko kuogopa kwenyewe?

Mtoto wa Kozi
Dada sema tena! Wanataka uzoefu wa miaka mitano na mshahara wa mwaka wa kwanza.

Babu Logi
Tusivunjiane heshima. Miaka 20 nimelinda data za watu na sijawahi kulala nikiwa na deni la mtu.

Fundi wa Zamu
Wazee na vijana, mimi ndiye ninayeamshwa saa nane usiku, nisikilizeni. Facebook tarehe 4 Oktoba 2021 ilipotea duniani kwa muda wa karibu saa sita. Amri ya kawaida ya matengenezo iliangusha mtandao wao wa ndani, na chombo cha kukagua amri hatari kilikuwepo, ila kilikuwa na kasoro, hakikuizuia. Halafu mafundi wakapata shida hata kuifikia mitambo, kwa sababu ulinzi ni mkali na vifaa vyao vya kazi vilitegemea mtandao uleule uliokufa.

Kwa hiyo fungeni, sikatai. Lakini mtu wa zamu apewe mlango wa dharura: ruhusa ya saa moja, inayojifunga yenyewe, inayomwamsha bosi kwa ujumbe inapofunguliwa. Kwetu wenye kuidhinisha ni wawili na usiku wote wanazima simu. Nabaki natazama mchoro wa makosa ukipanda, naijua tarakimu ya kubadilisha, mikono imefungwa. Asubuhi naulizwa kwa nini nimechelewa.

Mtoto wa Kozi
Na posho ya zamu je? Kwetu hakuna.

Fundi wa Zamu
Kwetu vocha ya elfu kumi kwa wiki. Ndiyo nasema, anayebeba lawama usiku ndiye mwenye haki ya ruhusa. Usinipe lawama ukaninyima ufunguo.

Mkaguzi Mstaafu
Posho ianzishiwe mada yake. Ila la mlango wa dharura nakubali, mradi kila ufunguzi uandikiwe sababu siku hiyohiyo. Kenya sheria ya data ya 2019 inadai taarifa ya uvujaji ndani ya saa 72. Huwezi kutoa taarifa ya mlango usiojua nani aliufungua.

Jirani wa Namanga
Mlinzi, nauliza tena. Funguo mmezizima kweli? Au sera iko kwenye hali ya kukagua tu?

Mlinzi wa Usiku
Nimeangalia leo baada ya kukusoma. Iko kwenye kukagua, haizuii. Maghala yetu manne yote yana alama nyekundu na hakuna aliyeshughulika. Wenye Contributor ni 19, watatu wameshaacha kazi. Na kuna programu moja ya ripoti bado inaingia kwa ufunguo, aliyeiandika hayupo. Nikizima leo, ripoti ya asubuhi ya wakurugenzi haitoki.

Jirani wa Namanga
Hao watatu waondoe sasa hivi, usisubiri kikao. Ile programu ipe utambulisho wake na jukumu la kusoma data tu, ijaribu kwenye mazingira ya majaribio siku mbili. Kisha zima. Ujue ukizima, funguo zote zilizopo zinafutwa, hazirudi zilezile. Usifanye Ijumaa.

Binti Kirumba
Na hiyo programu iandikieni maelezo, tafadhali.