Tupeane uzoefu: USARF na Cheche pale Mlimani, kazi ilifanyikaje?

Mwanzisha mada
Wakuu, USARF kilikuwa chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na Cheche lilikuwa jarida lake. Kila USARF inapotajwa watu huishia kwenye majina: Museveni wa Uganda mwenyekiti, mwanahistoria Walter Rodney wa Guyana mwalimu wao, John Garang wa Sudan naye alikuwemo. Sawa, tumesikia. Hapa naomba tuongelee kazi yenyewe: chama kisicho na fedha kilisomeshaje watu, jarida lilichapwaje, kilikwama wapi. Habari za "mimi nilikuwepo" tuziachie uzi mwingine.

Muktadha kwa kifupi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), zaidi ya 300 wakatimuliwa. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa. Kabla mwaka haujaisha, kikundi kidogo kikaunda University Students' African Revolutionary Front, ndiyo hiyo USARF. Chuo chenyewe kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ndiyo maana wanachama walitoka Uganda, Kenya, Malawi, Sudan na kwingineko. Na mjini Dar ndiko zilikokuwa ofisi za FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mapinduzi kwao yalikuwa safari ya basi tu kutoka Mlimani.

Komredi wa Ubungo
Nianzie kwenye madarasa ya itikadi ya Jumapili, maana huko ndiko chama kilikoishi. Maandamano huonekana, darasa halionekani.

Darasa la aina hii lina kanuni zake. Usigawe kitabu kizima, gawa sura moja, watu waipate siku kadhaa kabla. Mtoa mada aongee dakika 20, zisizidi 30, kisha lije swali moja la hapahapa. Mkisoma Frantz Fanon, mwandishi wa mapinduzi dhidi ya ukoloni, juu ya tabaka la kati la kizalendo, swali linakuwa: mkurugenzi wa shirika la umma lililotaifishwa mwaka huu anatumikia nani? Bila swali hilo darasa linageuka mashindano ya kunukuu. Ugonjwa wa pili ni msomi mmoja kumeza mjadala, wengine wakabaki kutikisa vichwa. Dawa ni kumpokonya uenyekiti anayejua zaidi na kumpa anayeanza.

Vitendo navyo vilikuwepo. Novemba 1968 walivuruga ile Rag Day, siku ya wanafunzi kuvaa matambara na kuzunguka mjini kuchangisha fedha za maskini. USARF waliona ni dhihaka kwa maskini haohao. Malori yaliyoandaliwa yakatolewa upepo matairi, msafara ukafa. Pia baadhi yao, Museveni akiwemo, walikwenda maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO ndani ya Msumbiji.

Fundi Stensili
Sasa mnakuja kwangu. Cheche lilianza Novemba 1969, wahariri wakiwemo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Lilikuwa jarida la kudurufu. Vijana wa leo wakisikia kudurufu wanafikiri fotokopi. Hapana.

Stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta, nyuma yake kuna karatasi ngumu ya kuishikilia. Kwenye taipureta unaondoa utepe wa wino kwa kusogeza swichi hadi alama nyeupe, ili herufi igonge nta moja kwa moja na kuikata. Kabla ya kuanza, safisha vichwa vya herufi kwa brashi ngumu na spiriti, kisha rudia kila baada ya ukurasa mmoja au miwili, kwa sababu nta hujaa ndani ya "e", "a" na "o". Gonga kwa nguvu iliyo sawa. Ukigonga "o" kwa hasira, kijiduara kinadondoka chote na kwenye nakala unapata doa jeusi. Nukta iguswe tu. Anayetumia vidole vyote kumi kidole kidogo huwa dhaifu, kwa hiyo "a" yake hutoka hafifu ukurasa mzima.

Ukikosea, ingiza kalamu kati ya stensili na karatasi ya nyuma ili visigandane, paka dawa ya kusahihishia kiasi kidogo sana, subiri ikauke kabisa, ndipo ugonge upya. Wenye haraka hutoboa.

Baadaye unaivika stensili kwenye ngoma ya mashine bila mkunjo. Mkunjo mmoja ni mstari mweusi kwenye nakala zote. Karatasi nazo ni zile zinazofyonza wino, siyo za kung'aa. Unyevu wa Dar ni adui: karatasi zinashikana na mashine inavuta mbili mbili. Pepea kila rimu pande zote mbili kabla ya kuipakia. Upande wa pili usichape siku hiyohiyo, wino utahamia karatasi ya jirani.

Piga hesabu mwenyewe. Jarida la kurasa 60 ni stensili 60 na karatasi 30 kwa nakala. Nakala 400 ni karatasi 12,000, yaani rimu 24 za karatasi 500. Ongeza mbili za kuharibika. Halafu panga marundo 30 juu ya meza ndefu, watu wazunguke wakiokota moja moja, wa mwisho anagonga kingo zilingane na kubana pini. Hapo ndipo kurasa hurukwa, hasa usiku watu wakisinzia. Mmoja asiokote chochote, kazi yake iwe kuhesabu tu.

Mchokozi
Mbona mnaogopa kusema? Cheche lilifungwa kwa sababu ya andiko la Issa Shivji.

Komredi wa Ubungo
Mkuu, tenganisha mambo. Toleo maalumu lenye andiko lake juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya lilitoka Septemba 1970, na Novemba 1970 jarida na USARF vikapigwa marufuku. Tarehe zimekaribiana, kila mtu aone mwenyewe. Lakini sababu iliyotolewa ilikuwa nyingine: kwamba Tawi la Vijana wa TANU, chama tawala, linatosha, na kwamba jina Cheche limetokana na Iskra (yaani cheche), gazeti la Lenin wa Urusi, wakati Tanzania inajenga ujamaa wake. Kabla ya hapo, Desemba 1969, Rodney alishakaripiwa na tahariri ya The Nationalist, gazeti la TANU, kwa mada aliyoitoa kwenye semina ya vijana.

Kwangu udhaifu mkubwa ulikuwa kwenye muundo. Chama kilisimama kwa ruhusa ya chuo, kwa hiyo barua moja ilitosha kukiua. Wanachama walikaa chuoni miaka mitatu tu, wakihitimu wanaondoka na ujuzi. Museveni mwenyewe alimaliza 1970. Na jarida lilikuwa la Kiingereza. Mfanyakazi wa kiwanda cha Urafiki pale chini alikuwa halisomi. Chama kinachosema kinatetea wafanyakazi kilipaswa kulitatua hilo mwaka wa kwanza. Hata hivyo mikono haikulala: 1971 likaanza jarida la MajiMaji chini ya TANU Youth League, hilo tawi la vijana, na hoja zikaendelea.

Jirani wa Namanga
Upande wa Kenya ilikuwa hadithi nyingine. December Twelve Movement, kundi la siri la upinzani, walitoa jarida la Pambana mwaka 1982 kwa siri, bila jina la mhariri wala anwani. Hapo kanuni zinageuka. Kila kundi linajua watu wachache, na anayechapa hapaswi kumjua anayesambaza. Taipureta ni shahidi: kila mashine ina herufi iliyopinda au iliyovunjika mkia, na mpelelezi akipata nakala na mashine analinganisha. Kukutwa na karatasi tu kulitosha. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alikamatwa Juni 1982 na kufungwa miaka sita kwa waraka mmoja ulioitwa wa uchochezi. Msako wa 1986 dhidi ya Mwakenya, kundi jingine la siri, uliwapitisha wengi kwenye vyumba vya mateso vya chini ya Nyayo House, Nairobi.

Kasoro ya usiri ni kwamba hakuna wa kusahihisha. Makosa ya msimamo wa kisiasa yanazunguka mnyororo mzima, na akikamatwa anayeunganisha makundi mawili, yote mawili yanakuwa yatima.

Dada wa Makavazi
Kwa mliorithi nakala za Cheche au MajiMaji kwenye masanduku ya wazee: msiweke plastiki ya kubandika kwa joto, wala selotepu. Pini zenye kutu zing'oeni kwa kuinua miguu yake upande wa nyuma kwa kisu butu, msizivute kwa mbele, karatasi itachanika. Zikishatoka, funga kwa uzi wa pamba usio na rangi. Lazeni kurasa bapa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na ukuta wa nje na sakafu. Zipigeni picha mchana karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, jalada na kurasa tupu zikiwemo, maana mihuri na majina ya wasomaji wa zamani huwa hukohuko.

Fundi Stensili
Na kama mkikuta stensili yenyewe, msiikunjue ikiwa imekauka. Itavunjika kama chapati ya jana. Pigeni picha hivyohivyo ilivyo.