Naomba ushauri: Uislamu na ukoloni darasani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Chake Chake, naandaa mafunzo ya walimu wa historia wa sekondari kuhusu Uislamu na ukoloni. Himaya ya Waingereza hapa Zanzibar ya 1890 na mizinga waliyolipiga jumba la Sultani Agosti 1896 wanaifundisha vizuri. Wanakwama kwenye amri ya 1897 ya kufuta utumwa, iliyowaacha nje masuria (watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao) hadi 1909.

Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, kwani dini iliruhusu?" Mwalimu akageuka, akafuta ubao. Iliniuma.

Nimejaribu mjadala wa vikundi. Ukageuka ubishi wa nani Mwarabu, nani si Mwarabu.

Je, nianze na amri yenyewe, au kwanza makadhi chini ya Waingereza? Na mwalimu amjibuje mtoto huyu kwa ukweli, bila kutoa fatwa?