Mrejesho: malisho ya zamu kabla ya kununua mbuzi

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliwauliza kama ninunue mbuzi kwanza, au nijifunze kwanza malisho ya zamu, yaani kugawa shamba vipande na kulisha mbuzi kipande kimoja baada ya kingine, kwa ajili ya kishamba chetu hapa Malindi. Nimetangulia kujifunza, kwa mzee mfugaji upande wa Kakoneni, na nimefurahi mno.

Kilichonifungua macho ni minyoo. Mabuu yake mengi hukaa chini kwenye nyasi, ndani ya sentimita 10 hivi kutoka ardhini. Mbuzi akila mpaka kwenye shina, anayameza. Ndiyo maana mzee huwahamisha nyasi zikiwa bado zinafika kifundoni, na hawarudishi mpaka zichipue vizuri.

Aliyenishauri zamu ya wiki moja moja mwaka mzima, kwa heshima zote, huku kwetu haitafaa. Masika nyasi hurudi upesi. Kaskazi ikikausha ardhi, kila kipande chataka mapumziko marefu zaidi.

Ua wa minyaa mpakani umeshika. Kazi kubwa iliyobaki ni kufikisha maji kila kipande. Mbuzi nitawaleta masika yakishakolea, wachache kwanza.