Mjadala: Uchumi umekua, sisi je?

Abiria wa Gongo la Mboto
Wakuu, 2020 Benki ya Dunia ilituingiza uchumi wa kati wa chini, tukashangilia. Sasa Dira 2050 inataka tufike uchumi wa dola trilioni moja. Sawa. Ila mimi natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa tatu usiku, wanangu nawakuta wamelala. Pato la Taifa linahesabu nauli yangu na mafuta yanayoungua foleni. Bibi anayewalea bure halimjui. Bhutan tangu miaka ya 1970 wanasema furaha ya watu ina uzito kuliko pato. Mwalimu naye 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea, shule ya msingi imtengeneze mtu wa kuishi na wenzake, isiwe chujio la kupata wachache wa sekondari. Leo tunakariri, tunafaulu, basi. Mtaani kwangu kuna mama hana hata cheti cha la saba, anauza vitumbua, saa tatu asubuhi kamaliza, yuko barazani anasuka ukili na kucheka. Nani kasoma hapo?

Mchumi Mtarajiwa
Hoja nzuri. Hata Simon Kuznets, aliyepeleka hesabu za pato la taifa kwa Bunge la Marekani 1934, alionya humo humo kwamba ustawi wa taifa haupimwi kwa pato lake. Tatizo tulichukua kipimo, onyo tukaliacha.

Binti Mbagala
"Saa tatu kamaliza." Kamaliza nini, kaka? Mama yangu anauza vitumbua mwaka wa kumi na tisa huu. Mchele analoweka mchana, jioni anaupeleka mashineni, anakuna nazi, anakoroga na hamira, anausubiri uumuke. Saa tisa usiku yuko na chuma chake cha mashimo saba juu ya mkaa. Alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilikataa alama za vidole mara nne. Zimeungua. Wewe unamuona barazani unasema furaha. Ule ni uchovu. Na anakuchekea kwa sababu wewe ni mteja.

Fundi Rangi
Kidole cha shahada kimeungua, na wenye shahada wanamuonea wivu. Hii nchi bwana.

Abiria wa Gongo la Mboto
Sijamdharau mama yako, dada. Nimemsifu.

Binti Mbagala
Sifa za namna hiyo peleka kwenye kwaya.

Babu Karafuu
Wanangu, Kujitegemea sisi tulikuishi. Baada ya Azimio la Musoma la 1968 tulikuwa na shamba la shule, tunalima mihogo, tunakula wenyewe. Mtoto alijua jembe.

Mkosoaji
Shikamoo babu. Azimio la Musoma ni 1974. Na mimi miaka ya tisini nililima shamba la mwalimu, mahindi yakaenda kwa mwalimu, nikabaki na viboko. Kujitegemea kwa nani?

Babu Karafuu
Marahaba. Mwaka umenishinda, jembe halijanishinda. Huyo mwalimu alikuwa mwizi, usimsingizie Nyerere.

Kijana wa Posta
Hiyo Bhutan yenye furaha, mbona vijana wake wanakimbilia Australia? Halafu niulize: vitumbua vya siku hizi ni mchele au ngano? Jana nimeuziwa kitu kinanata kama gundi.

Fundi Rangi
Cha ngano si kitumbua. Ni kalimati iliyolala vibaya.

Mama Salha
Msitutukane. Mchele umepanda, nazi imepanda. Tunachanganya ngano kidogo ili kipande kibaki shilingi 200. Njooni nyie na mizani zenu za furaha mkaange.

Kijana wa Posta
Mama, iliki je? Nayo imepanda?

Mchumi Mtarajiwa
Jamani, Kuznets…

Mkosoaji
Kuznets anakaanga wapi?

Abiria wa Gongo la Mboto
Turudi kwenye mada. Binti Mbagala, wewe umesoma?

Binti Mbagala
Nimesoma biashara, chuo, ada yote imetoka kwenye lile karai. Barua za maombi ya kazi nimeacha kuzihesabu, kwa hiyo usiku mimi ndiye mpepea mkaa. Mwezi uliopita nikampigia mama hesabu kwenye daftari, nikamwonyesha faida ilivyo ndogo, nikasema tupandishe iwe 300. Akaniambia watoto wa shule wanakuja na 200 mkononi, hiyo 100 watatoa wapi? Daftari nikalifunga. Bado naamini hesabu yangu ilikuwa sahihi.

Mama Salha
Mpe shikamoo yangu mama yako.

Abiria wa Gongo la Mboto
Na yangu. Mnauzia wapi? Nije Jumamosi.

Binti Mbagala
Jumamosi hatukaangi, watoto hawaendi shule. Njoo Jumatatu. Ni vya mchele mtupu, na ukifika saa moja na nusu huvikuti.

Abiria wa Gongo la Mboto
Saa moja na nusu Jumatatu mimi nipo Tazara, nimesimama mlango wa nyuma.